Barua ya wazi kwa wenye minara ya umma Dar es Salaam: tufungulieni ghorofa ya juu

Kwa Wajumbe wa Bodi za Wadhamini za mifuko ya hifadhi ya jamii ya PSSSF na NSSF,
Kwa uongozi wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania (TPA).

Nakala: Msajili wa Hazina, Waziri mwenye dhamana ya hifadhi ya jamii, Mkuu wa Mkoa wa Simiyu.

YAH: OMBI LA KUFUNGULIWA BURE KWA WANANCHI GHOROFA ZA JUU ZA MAJENGO MAREFU YA UMMA

Waheshimiwa,

 

Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule ya sekondari ya kutwa hapa Bariadi. Ni mwanachama wa PSSSF, kama walivyo walimu wenzangu wa Maswa, Itilima, Meatu na Busega, wauguzi wa zahanati zetu, maofisa ugani na watendaji wa kata. Niseme mapema kwamba barua hii haihusu kikokotoo cha mafao ya pensheni. Hilo lina watu wake na majukwaa yake. Nawaandikia juu ya jambo ambalo sijawahi kulisikia kwenye ajenda ya mkutano wowote wa wanachama niliohudhuria: katika minara yote mirefu ya umma iliyosimama Dar es Salaam, sijaona hata mmoja wenye mahali palipotengwa rasmi ili mwananchi wa kawaida apande, bila kulipa, alitazame jiji lake kutoka juu. Naandika hadharani kwa sababu minara hiyo si yangu peke yangu, na majibu yenu yanawahusu wengi.

1. Fedha zilizojenga minara hii ni zetu.

Kila mwezi asilimia 5 ya mshahara wangu hukatwa kabla sijauona, na mwajiri huongeza asilimia 15. Fedha hizo huwekezwa, na sehemu yake imesimama katikati ya Dar es Salaam ikiwa zege, chuma na vioo. Minara pacha ya Sokoine Drive, yenye ghorofa 35 na urefu unaopita mita 150, ilijengwa na PSPF, mfuko ambao tangu Agosti 2018 umeunganishwa na LAPF, GEPF na PPF kuwa PSSSF. Golden Jubilee Towers nayo ilijengwa na PSPF hiyohiyo. Jengo la Benjamin Mkapa pale Azikiwe, ambalo wenyeji wa Dar bado wanaliita Mafuta House, ni la NSSF, yaani la wafanyakazi wa viwandani, mahotelini na migodini. Jengo la makao makuu ya TPA, linalokaribia mita 157, halikutokana na michango ya pensheni, lakini ni mali ya shirika la umma, na tozo za bandarini hatimaye hulipwa na mkulima anayeuza nje na mama anayenunua sukari na sabuni dukani.

Mwalimu anayefundisha Mwanhuzi huchangia miaka 30 na zaidi. Anastaafu, na huenda hatawahi kugusa hata kitasa cha jengo alilolijenga. Yuko kama mwenye shamba anayeoneshwa shamba lake kwenye picha tu. Naelewa kwamba jengo ni kitega uchumi, na kwamba lisipopangishwa pensheni hazilipiki. Siombi mwanachama apewe ofisi wala punguzo la kodi ya pango. Naomba sehemu moja, ya juu kabisa, iwe ya wote walioijenga na watoto wao.

2. Kilichonifanya niandike.

Shule yetu huandaa ziara ya mafunzo kwa wanafunzi wa kidato cha tatu. Wazazi huchangia kidogo kidogo, wengine baada ya kuuza pamba, wengine kwa kuuza kuku au gunia la mpunga. Safari yenyewe ni ya zaidi ya kilomita elfu moja: Shinyanga, Nzega, Singida, Dodoma, Morogoro, mpaka watoto wanaamka miguu imevimba wakiwa Mbezi, Dar es Salaam.

Katika mojawapo ya ziara hizo tulifika mbele ya jengo refu la taasisi ya umma ambayo sitaitaja, maana sikuja kumshtaki mtu. Watoto walirudi nyuma mpaka ukingo wa barabara ili waone linapoishia. Kijana mmoja alianza kuhesabu ghorofa kwa kidole, shingo ameikunja kabisa nyuma. Alipofika ishirini na kitu mng'ao wa jua kwenye vioo ukampoteza, akaanza upya kutoka chini. Mimi niliingia mapokezi na barua ya mkuu wa shule yenye mhuri, nikauliza kama tungeweza kupanda hata kwa makundi madogo, kwa dakika chache. Dada wa mapokezi alinisikiliza kwa heshima, akapiga simu mahali, akanirudishia jibu kwamba hakuna utaratibu. Nilipotoka nikakuta mlinzi amekwishawaambia watoto wasisimame pale na wasipige picha.

Dada yule hakuwa na kosa, wala mlinzi. Mtu hawezi kufuata utaratibu ambao haujaandikwa. Lakini utaratibu hauandikwi mapokezi. Huandikwa na bodi, na ndiyo maana barua hii inakuja kwenu.

Tuliendelea na ziara. Tukawapeleka Feri wakaona soko la samaki na vivuko vya Kigamboni, tukawapeleka Makumbusho ya Taifa, na walifurahi. Tuliporudi Bariadi niliwapa karatasi nikawaambia wachore Dar es Salaam waliyoiona. Walichora geti, walichora basi la mwendokasi, walichora stesheni ya SGR kwa ufundi mkubwa. Hakuna hata mmoja aliyeweza kuiweka bahari na Kariakoo kwenye mchoro mmoja, kwa sababu kila kitu walikiona kikiwa peke yake, nyuma ya ukuta fulani au kati ya magari mawili.

3. Hili ni somo, na lipo kwenye mtihani.

Mwanafunzi wa Jiografia anatakiwa atofautishe picha iliyopigwa kutoka ardhini, iliyopigwa kwa mshazari kutoka mahali pa juu, na iliyopigwa wima kutoka angani. Anatakiwa aeleze kilicho mbele, kilicho katikati na kilicho nyuma, na akisie shughuli za watu wa pale kwa kutazama majengo, barabara na mimea. Mimi hufundisha haya kwa fotokopi ya fotokopi, nyeusi tii, ambayo mto na barabara vimefanana. Mwanafunzi anakariri majina ya aina za picha bila kuwahi kusimama mahali ambapo macho yake mwenyewe yanamletea picha ya mshazari.

Juu ya minara ya Sokoine Drive somo hilo lote lipo. Chini kabisa yako mapaa mekundu ya kanisa la Azania Front na minara ya Mtakatifu Yosefu, majengo ya enzi za Wajerumani, na nyuma yake vioo vya benki za leo. Mbele kuna bandari na mkono wa bahari unaoingia ndani kuelekea Kurasini. Ng'ambo yake Kigamboni. Mbali kusini liko Daraja la Nyerere, lenye mita 680, lililofunguliwa Aprili 2016 na ambalo NSSF ilichangia kulijenga. Upande wa Temeke unauona Uwanja wa Mkapa. Kaskazini, hali ya hewa ikiwa nzuri, visiwa vya Bongoyo na Mbudya. Magharibi iko Kariakoo na mitaa yake iliyopigwa rula, kisha jiji linaanza kupoteza mistari, mapaa ya bati yanabanana mpaka njia hazionekani tena.

Hapo penye mistari kupotea ndipo ningewasimamisha watoto kwa muda mrefu zaidi. Bariadi inakua. Tangu tuwe makao makuu ya mkoa viwanja vinapimwa kila upande, na kuna mahali nyumba zimetangulia na barabara inatafutwa baadaye. Watakaoamua Bariadi ya kesho itanyooka au itabanana wamekaa kwenye madawati yangu sasa hivi. Nataka waone kwa macho yao, siku moja, kwa wakati mmoja, jiji lililopangwa na jiji lililojipanga lenyewe, na waone tofauti ya gari la zimamoto kupita na kutopita.

4. Pamba yetu inaishia chini ya madirisha yenu.

Mkoa wa Simiyu ni mchanga, umemegwa kutoka Shinyanga na Mwanza mwaka 2012, lakini pamba yake ni ya zamani kuliko mkoa. Wengi wa wanafunzi wangu walishika pamba kabla ya kushika kalamu. Wanajua kupalilia, kunyunyiza dawa, kuchuma, na kutenga pamba safi na pamba fifi. Wanaijua mizani ya chama cha ushirika (AMCOS) na foleni yake. Wameona malori yakitoka viwanda vya kuchambua pamba yamebeba marobota yaliyofungwa kwa waya. Ukiwauliza kinachofuata baada ya lori kupotea barabarani, wananyamaza.

Sehemu kubwa ya pamba nyuzi ya nchi hii huuzwa nje, kwenye viwanda vya nguo vya Asia, na lango lake kuu la kutokea ni bandari ya Dar es Salaam. Tukiwa tunatembea Sokoine Drive, binti mmoja aliniuliza, "Mwalimu, pamba yetu inaingilia wapi?" Nilimwonesha ukuta. Juu ya ukuta zilionekana shingo za winchi na migongo ya makontena yaliyopangwa juu kabisa. Hicho ndicho nilichoweza kumpa mtoto wa mkulima wa pamba baada ya kumsafirisha kilomita zote zile.

Kutoka ghorofa ya thelathini angeona kila kitu kwa mfuatano wake: malori yanayosubiri, mabehewa, yadi ya makontena, gati, meli inayopakia, na ule mlango mwembamba ambao meli hupita taratibu kutoka bahari kuu. Mtoto aliyeona mnyororo huo hazungumzi tena na baba yake juu ya bei ya pamba kana kwamba bei inaanzia na kuishia kwa mnunuzi wa kijijini. Anajua kuna meli, kuna nauli ya meli, kuna foleni ya gati, kuna mnunuzi wa mbali asiyeijua Simiyu. Na anaweza kutamani kazi ambazo kwetu hakuna anayezitaja: nahodha anayeongoza meli kuingia bandarini, mwendesha winchi, mpanga miji, mhandisi wa gati. Nawaambia TPA kwa heshima zote: hakuna kipeperushi mtakachochapisha kitakachoieleza kazi yenu kwa kijana wa bara kama dakika ishirini za kuitazama kutoka juu.

5. Kwamba faida ipo nimeshaiona, Mwanza.

Wapo watakaoniambia niwapeleke watoto Mwanza, ni karibu. Huwa tunawapeleka. Mwanza imepewa miamba na Mungu, na ukipanda vilima vya Capri Point hakuna anayekudai kiingilio. Watoto wanaona ziwa lote limefunguka mbele yao, kivuko kikikata maji kwenda Kamanga, hospitali ya Bugando juu ya kilima chake, na nyumba zilizojengwa katikati ya mawe kana kwamba zimeota hapo. Tuliporudi niliwapa karatasi na kazi ileile. Binti mmoja, ambaye darasani hafungui kinywa, alichora ramani ya Mwanza yenye ghuba, vilima, stesheni ya reli na barabara ya Musoma, kila kimoja kikiwa upande wake sahihi. Akaweka mpaka alama ya kaskazini. Sikumsaidia.

Dar es Salaam haina miamba kama ile. Vilima vyake viko mbali na bandari. Mahali pa juu pa katikati ya jiji hilo ni pale palipojengwa na binadamu, na aliyejenga ni ninyi kwa fedha zetu.

6. Wengine wamefanya, na hawakupata hasara ya usalama.

London kuna jengo la 20 Fenchurch Street. Juu yake, kuanzia ghorofa ya 35, mita zipatazo 155 kutoka chini, kuna bustani inayoitwa Sky Garden iliyofunguliwa Januari 2015. Kuingia ni bure. Unajiandikisha kabla, unafika na kitambulisho, begi linapita kwenye mashine. Urefu huo unakaribiana kabisa na wa minara ya Sokoine Drive. Na haikuwa hisani ya mwenye jengo: kuwepo kwa bustani ya umma juu kulikuwa sehemu ya makubaliano ya kupewa kibali cha kujenga jengo refu namna ile. Wakazi wa London bado walilalamika kwamba haikuwa wazi kwa umma kama walivyoahidiwa, na naona walikuwa na haki ya kulalamika. Mwaka 2023 jengo jingine la jirani, 22 Bishopsgate, likafungua ghorofa yake ya 58, nayo bure.

Tokyo mfano ni mzuri zaidi kwa hoja yangu, kwa sababu jengo lenyewe ni la Serikali. Ofisi za Serikali ya jiji hilo, zilizofunguliwa mwaka 1991, zina minara miwili, na kwenye ghorofa ya 45, mita 202 juu, mwananchi na mgeni hupanda bila kulipa huku chini yake watumishi wanaendelea na kazi. Los Angeles nayo imewahi kufanya hivyo kwenye ukumbi wake wa jiji.

Hapa jirani, Nairobi, Jumba la Mikutano la Kenyatta limekuwepo tangu 1973. Wanatoza kiingilio, jambo ambalo sikubaliani nalo, lakini mlango uko wazi na watoto wa shule za Kenya hupanda mpaka juu kabisa na kuliona jiji lao pande zote. Mwanafunzi wa Kisii ameliona jiji kubwa la nchi yake kutoka juu. Wa Bariadi, bado.

7. Najua mtakachojibu.

Mtasema usalama, na mtakuwa na sababu. Ikulu ya Magogoni iko jirani, bandari ni eneo nyeti. Lakini madirisha ya minara hiyo yanatazama huko huko kila siku, na wapangaji wanakaa nyuma yake na simu zenye kamera. Kama kuna upande usiofaa kutazamwa, wekeni vioo vya ukungu upande huo. Kama kuna saa zisizofaa, fungeni saa hizo. Pekueni mabegi, andikeni majina, daini kitambulisho cha NIDA au barua ya shule, katazeni picha kama mnaona lazima. Sheria kali tutazitii. Tusichoweza kukitii ni sheria ambayo haipo.

Mtasema gharama. Lifti zinazunguka hata sasa, walinzi wanalipwa hata sasa. Na baada ya Serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, wapangaji wengi wa Serikali waliondoka Dar es Salaam. Sidhani kama kona moja ya ghorofa ya juu ndiyo itakayoangusha mfuko. Mgeni kutoka nje anaweza kutozwa, kama tunavyofanya kwenye hifadhi za Taifa ambako mgeni na mwananchi hawalipi sawa. Anayeuza chai na juisi pale juu anaweza kulipa pango.

Wala msiseme haiwezekani kiufundi. Ndani ya Golden Jubilee Towers uliwahi kufunguliwa mgahawa unaozunguka taratibu huku wateja wakilitazama jiji. Basi watu wanaweza kupandishwa, wakatazama, wakashuka salama. Tofauti ni kwamba aliyepanda alikuwa na fedha ya kulipia chakula cha ghorofa ya juu, na mzazi aliyeuza kuku ili mwanawe afike Dar es Salaam hana.

Kama mna shaka kwamba watu watakuja, nendeni jioni Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022. Lilijengwa hasa kwa ajili ya magari. Tazameni familia zinazotembea kando kando yake, vijana wanaopiga picha, wazee walioegemea ukingo wakitazama maji. Hakuna aliyewaalika. Walikuta mahali palipoinuka kidogo, pana upepo, hapana kiingilio, wakaja wenyewe.

Na jambo moja la heshima kati yetu. Mwaka 2018, 2019 na 2020 maonesho ya Nane Nane kitaifa yalifanyika Nyakabindi, hapa Bariadi. Taasisi zenu nyingi zilikuja, zikapokelewa, zikapewa viwanja vya mabanda. Wazee wetu walitembea kutoka vijijini kuja kuwasikiliza mkieleza huduma zenu. Tuliwafungulia. Ndiyo maana naona sina sababu ya kuomba hili kwa kunong'ona.

8. Ninachoomba, kwa kukitaja.

Naomba jengo moja. Si yote. Chagueni lililo rahisi zaidi kwenu, minara ya Sokoine Drive au jengo la TPA, mtenge sehemu ya ghorofa ya juu yenye vioo na vizuizi imara, na muifungue kwa majaribio Jumamosi na siku za likizo za shule. Iwe bure kwa kila Mtanzania.

Kujiandikisha kuwezekane kwa simu ya kawaida ya kitochi na kwa barua ya shule, maana mwalimu wa Meatu hawezi kushindana na mtu wa Masaki kwenye tovuti inayojaa ndani ya saa moja. Shule zinazotoka mikoani zitengewe nafasi zake, kwa sababu sisi hatuwezi kurudi wiki ijayo.

Chini ya vioo wekeni ramani na maelezo kwa Kiswahili: hiki ni nini, kilijengwa lini, meli ile inaelekea wapi. Wekeni ramani moja yenye njia ya pamba, na nyingine ya kahawa na korosho. TPA wana wataalamu wa kuieleza bandari, na wastaafu wa bandarini wangefaa sana kusimama pale na watoto. Kiti cha magurudumu kipite.

Majengo mapya ya mifuko na mashirika ya umma, Dodoma, Mwanza na kwingineko, yachorwe yakiwa na sehemu hiyo tangu mwanzo. Msajili wa Hazina anaweza kulitolea mwongozo. Mkuu wetu wa Mkoa namwomba alibebe ombi hili kama ombi la Simiyu, kwa kuwa wanafunzi watakaopanda ni wake.

Mwisho, naomba mjibu hadharani kama nilivyoandika hadharani. Mkikataa, tuelezeni sababu tuzijue. Mkikubali, tajeni tarehe.

Mwaka huu tunasafiri tena baada ya msimu wa pamba. Wazazi wataanza kuchanga mara tu mizani zitakapofunguliwa Mei, na kikao cha kupanga ziara kitafanyika kabla ya hapo. Tafadhali tupeni jibu mapema, ili nijue niwaambie wanafunzi wangu nini.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Jiografia na mwanachama wa Mfuko,
Bariadi, Simiyu.